Mwenyekiti Aliyesalimia Akipanda Tu

Nyie mnaotoka chuoni na saa za kuhesabia mapigo zimening'inia kifuani, karibuni kazini. Mimi nimestaafu. Magoti yamechoka lakini mdomo bado uko zamu, na mmeniomba niwaambie kidogo juu ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Yaliyomo vitabuni siyagusi, hayo mmeyalipia ada. Nitawaambia habari za mtu mmoja aliyekuwa na adabu kupita kiasi.

Lakini kwanza mjue kituo chetu cha afya kilivyokaa. Kiko juu ya kilima, juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi hufika akihema. Aliyechagua kiwanja alikuja kiangazi, kwa gari, akatazama mabonde, akasema pana hewa nzuri. Tangu siku hiyo mgonjwa wa huku kwetu juu ya Lukozi hupimwa na mlima kabla ya kupimwa na nesi. Mwenye nguvu za kufika tulimwambia haumwi sana. Asiye na nguvu hakufika, kwa hiyo taarifa zetu zilipendeza na wageni kutoka wilayani walitupongeza kila walipokuja.

Aliyenifundisha kazi, Sista Agnesi, aliuona mlima ule kuwa kifaa cha bure. Aliweka benchi lake dirishani, panapoonekana njia yote ya kupandia, na kila asubuhi alikaa hapo na chai yake akiwatazama wagonjwa wakija. Sisi wasichana tulidhani ni mmbea. Alituambia, "Mtu akishakaa kwenye kiti chako anakuwa mgeni, na mgeni hasemi vibaya nyumbani kwa watu. Mtazame angali njiani, hajajua kama unamwona." Alijua nani anashika kiuno, nani anatembea kwa vidole, nani anachechemea mpaka mlangoni halafu anaingia amenyooka kama askari. Alipostaafu nilirithi benchi. Chai nilijinunulia mwenyewe.

Jambo la pili ni swali lenu la "Kifua kinauma?" Liacheni. Mtu wa huku amebeba magunia ya viazi tangu utotoni. Kwake kinachouma ni jino, au kidole kilichopigwa na jembe. Moyo ukikosa damu ya kutosha hasemi unauma. Atasema kifua kimebanwa, kuna uzito, kuna mtu kakaa hapa. Au hasemi kabisa, anakunja ngumi anaiweka katikati ya kifua. Ukiona ngumi hiyo, weka kalamu chini. Na wanawake pengine hata ngumi hawaweki. Watakwambia wamechoka bila kazi, chembe cha moyo kimejaa, taya linavuta, na nyie mtawapa dawa ya vidonda vya tumbo warudi jikoni. Nimeona wengi wakirudishwa jikoni namna hiyo, na bado inanichoma.

Sasa Mzee Singano.

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, mkulima wa kabichi, mrefu, kofia yake safi hata siku ya kunyunyiza dawa shambani. Sifa yake kubwa ilikuwa salamu. Mnajua Wasambaa tunavyosalimiana, mtu hakupiti na "mambo" akaenda zake. Lakini Mzee Singano alituzidi wote. Mkikutana naye njiani anapanda, anasimama. Anaanza kwa Kisambaa, "Onga makeo," yaani habari za asubuhi. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za yule aliyeolewa Soni, za ng'ombe, za karoti, za mvua ya juzi iliyonyesha kwenye shamba lako kama ilinyesha na kwenye la jirani. Anakusikiliza kwa makini, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, macho ameyainamisha. Hakukatizi hata kidogo. Ukimaliza anashusha pumzi, anasema, "Haya, tumshukuru Mungu," anaendelea kupanda.

Basi watu wakampenda. Msikitini mawaidha juu ya adabu yalikuwa hayaishi bila kumtaja. Sisi Walutheri tukaona haya, mzee wetu wa kanisa naye akaanza kusimama simama njiani, ingawa yeye aliishia kuulizia sadaka. Akina mama walipowagombeza watoto walisema, "Huoni mwenyekiti anavyosalimia?" Alipogombea mara ya pili hakufanya hata kampeni. Alipanda tu kutoka bondeni hadi ofisini, na kila aliyesimama naye njiani akawa kura.

Hata mimi nilijisikia mtu. Nilikuwa nikikutana naye asubuhi nikienda kazini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hujambo, wagonjwa hawajambo, dawa zimekuja?" Hakuna bosi wangu hata mmoja aliyewahi kuniulizia dawa kwa upole ule.

Mimi niliyejua mambo ya dirishani nikatolewa usingizini na mdogo wangu Ester, ambaye hana hata cheti cha huduma ya kwanza. Yeye anauza matunda ya plamsi na karoti Mombo, pale mabasi yanaposimama barabara kuu. Siku moja nimeshuka kumsalimia, tumekaa juu ya ndoo zilizofunikwa, bega kwa bega, akaniambia, "Dada, yule mwenyekiti wenu mkavu sana."

"Nani, Mzee Singano? Labda unamfananisha."

"Simfananishi. Anashuka na lori la kabichi kila wiki. Anatupita hapa fyuu, salama, salama, hata jina la mtu haulizi. Wenzangu wanamwita Bwana Haraka."

Nilimbishia mpaka nikamkasirisha. Lakini nikipanda na gari jioni, kona baada ya kona, neno lile likanikaa. Mombo ni tambarare na joto. Huku ni mlima na baridi. Mtu mmoja, adabu mbili.

Kesho yake nikakaa kwenye benchi la Sista Agnesi nikamtazama. Akaja anashuka kutoka kwa jirani wa juu, akakutana na akina mama watatu na kuni vichwani. "Salama?" Akapita. Akarudi anapanda, akakutana na mmoja wao yule yule. Akasimama, akashika fimbo kwa mikono miwili, akauliza nyumbani kote tangu mwanzo. Mama wa watu akatua kuni ili ajibu vizuri. Na mkono mmoja wa mzee ukaiacha fimbo, ukakunja ngumi, ukapanda polepole mpaka katikati ya kifua, ukatulia hapo mpaka habari za mbuzi zilipoisha. Nikaendelea kumtazama siku nyingi. Asubuhi ya ukungu alisimama zaidi kuliko mchana wa jua. Akitoka kwenye shughuli ameshiba, zaidi. Akitoka kwenye kikao cha mabomba ya maji, ambako watu hutukanana kwa heshima, alisimama kila nyumba, na siku hiyo kijiji kizima kilisema mwenyekiti ana utu, hata akiudhiwa anasalimia.

Mpaka hapo nyie wenye vitabu mmeshaelewa. Mishipa inayoulisha moyo wake ilikuwa imesinyaa. Amekaa, damu inatosha. Akipanda, moyo unadai zaidi na hakuna, kifua kinabana. Akisimama dakika chache kinaachia. Watu wengine wenye shida hiyo huketi. Wa kwetu aliogopa kuketi, akatafuta sababu ya kusimama isiyomwaibisha, na sisi tukaichagua kuwa uongozi.

Nikamfuata kwake. Mkewe, Mama Saidi, akanipa kiti na kutupisha kidogo, akijua nina jambo.

"Shikamoo mzee. Kifua chako kinabana ukipanda."

"Marahaba. Mimi salama, Nesi. Wagonjwa hawajambo?"

"Mzee, usinisalimie. Sasa umekaa, huna haja ya salamu."

Akacheka kidogo, akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema, "Umeniona dirishani."

Nikamweleza ninavyojua, na kwamba akiacha hivi ipo siku mshipa utaziba kabisa na salamu haitasaidia. Alisikiliza kwa makini, safari hii bila fimbo. Kisha akanieleza yeye ninachopaswa kukijua. Kaka yake mkubwa alibanwa kifua hivyo hivyo. Alianguka shambani, akabebwa kwa machela kuteremshwa barabarani, akafia njiani. Msiba haujaisha, watu wakaanza kuulizana nani kamfanyia. Wakampata Bibi Hadija, mjane anayekaa njiani pale kwenye kona kali, kwa sababu juma lile marehemu alipumzika barazani kwake akanywa maji. Hiyo ndiyo ilikuwa hatia yake yote, maji. Hakupigwa, sisi ni watu wa adabu. Waliacha tu kumsalimia. Alivumilia msimu mmoja, akafunga mlango, akahamia kwa binti yake Mazinde, kule chini.

"Na mimi, Nesi, sikumtetea," akasema. "Nilikuwa na uchungu wa ndugu yangu. Sasa nikisema na mimi nabanwa, watatafuta tena. Unadhani watamtafuta nani? Nikiketi barazani kwa mtu leo, kesho yule mtu amehama."

Chuoni nilifundishwa moyo una vyumba vinne. Hakuna aliyenifundisha kwamba katika chumba kimojawapo kunaweza kukaa kijiji kizima na mjane aliyefukuzwa. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia, kwa maana hofu na hasira ya kunyamaza vilikuwa vinaukaza ule ule moyo anaouficha. Nilimbembeleza ashuke hospitalini. Mama Saidi akarudi na chai, akasikia mwisho wa mazungumzo, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Saidi, nenda. Mimi usiku nakusikiliza unavyopumua." Ndipo akakubali.

Akaenda. Daktari wa mjini, kijana mzuri tu, akamwuliza yote yanayostahili kuulizwa. Mzee akajibu anavyojua. Unajisikiaje? Salama. Kifua? Hakijambo. Ukipanda mlima? Tunamshukuru Mungu, na wewe wazazi wako hawajambo? Akapimwa mapigo ya moyo kwa mashine, amelazwa kitandani, ametulia. Kipimo kikatoka kizuri, maana kitandani hakuna mlima. Jueni hilo, kipimo kizuri cha mtu aliyelala hakimaanishi moyo mzuri wa mtu anayepanda. Daktari akamwambia arudi kama kuna mabadiliko. Mzee akarudi kijijini na dawa ya kuchua misuli, akanishukuru kwa ushauri.

Zikapita wiki, mimi nasumbua, yeye anasema tusubiri ziara ipite. Ziara ilikuwa ya wakubwa wa wilaya, wanakuja kuona tangi jipya la maji. Na tangi, kama mnavyokisia, lilijengwa juu.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata kofia za watu zilidondosha maji. Kwanza kikao, ambamo watu wa bondeni na watu wa juu waligombania bomba mbele ya wageni. Kisha pilau, na mwenyeji hawezi kula kidogo wageni wakimtazama. Kisha mkubwa mmoja mwenye viatu vya mazoezi akasema twendeni kwa miguu, mwenyekiti atuongoze. Baridi, pilau, hasira, mlima na wageni nyuma yako. Hata mimi mwenye moyo mzima ningeanza kuwatafuta watu wa kuwasalimia.

Nilikuwa nyuma ya msafara na mkoba wangu. Mzee akapanda. Akasalimia nyumba ya kwanza, wageni wakafurahi. Akasalimia ya pili, kirefu. Mkubwa wa viatu akawaambia wenzake, "Mnaona uongozi wa karibu na watu?" Mmoja akapiga picha. Halafu tukaingia kwenye kona kali, na watu wote walikuwa wameshatangulia tangini kujipanga kwa ngoma. Hapakuwa na mtu wa kusalimiwa. Hapakuwa hata na ng'ombe.

Mzee Singano akasimama mbele ya nyumba ya Bibi Hadija. Mlango umefungwa kwa miaka, majani yamefika dirishani. Akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Hodi," akasema. "Shikamoo bibi."

Akangoja. Akauliza kama hajambo, kama kuku hawajambo, kama binti yake wa Mazinde ameleta habari. Alikuwa anauuliza mlango. Kando yangu mtu wa kwetu akanong'ona, "Anaongea naye. Bibi amerudi kumchukua." Wenye vifua vya afya wakaanza kurudi nyuma. Mimi nikaona jasho linamtoka usoni kwenye baridi ile, na ngumi iko kifuani, na safari hii haishuki.

Nikapenya. Sikumlaza, wala sikumruhusu apige hata hatua moja. Nilimkalisha kwenye baraza ile ile, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, nikafungua vifungo, nikampa aspirini aitafune, akiitafuna nikawa namwambia apumue. Nikaagiza machela. Mkubwa wa viatu akaniuliza kama naweza kusubiri hotuba iishe. Nilimjibu kwa lugha ambayo siku hizi isingeniruhusu kustaafu salama.

Vijana wakakata miti, wakafunga blanketi, tukateremka, kichwa chake kikiwa upande wa juu nikiwa ubavuni. Watu wakajaa kando ya njia wakilia, kila mmoja akimwita, "Mwenyekiti, hujambo? Mwenyekiti, pole." Naye anajibu, "Salama. Salama." Basi. Wakalia zaidi, wakasema kweli anakufa, hata kusalimia kumemshinda. Ulikuwa mteremko tu. Lakini nami nililia, kwa sababu alikuwa amefumba macho na alikuwa akinishika mkono, na tulikuwa tunapita pale pale kaka yake alipokatia roho.

Hakufa. Daktari yule yule alimpokea, na safari hii alimkuta mzee hana nguvu za kusema uongo. Wakamweleza mishipa yake ilivyo, wakampa dawa za kuzuia damu isigande na za kuupunguzia moyo kazi, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi akibanwa. Sigara ikakatazwa, mafuta yakapunguzwa. Nilichompendea daktari ni kwamba alivuta kiti akamwuliza pia anaogopa nini, na alikaa kulisikia jibu. Mishipa mnaweza kuipima. Hofu lazima ukae uisikilize.

Mzee aliporudi aliitisha mkutano. Akasimama akasema mbele ya kijiji, "Kaka yangu alikufa kwa ugonjwa huu huu nilio nao mimi. Ni mishipa. Bibi Hadija alimpa maji tu. Tulimkosea, na mimi wa kwanza." Watu wakatazama chini. Nikadhani tumeelewa. Ndipo mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sawa mwenyekiti, ni mishipa, mafuta na sigara. Sasa hayo mafuta nani aliyatuma?" Kwa hiyo msitegemee elimu ya afya iingie siku moja. Ongeeni, mrudie, na mkitoka mrudie tena.

Dawa zikafanya kazi. Akaanza kupanda polepole, bila kusimama. Akichoka anaketi kwenye jiwe anasema, "Napumzika," halafu anaendelea. Na hapo ndipo sifa ilipoharibika. Kijiji kikaanza kulalamika. Siku hizi mwenyekiti anaringa. Hospitali imemharibu. Anapita na salama, salama, kama mtu wa Mombo. Uchaguzi ulipokuja wakamwangusha, wakamweka kijana anayesalimia kila mtu hadi watoto wachanga. Nilimtazama huyo kwa wiki nzima kutoka dirishani, kwa wasiwasi wa kazi. Anasalimia akipanda, anasalimia akishuka. Nikatulia. Huyo moyo wake mzima, anaumwa kura.

Nilikwenda kumpa pole Mama Saidi. Nikamkuta anachambua maharage, anaimba. "Wanasema mume wangu ana maringo," akaniambia. "Alhamdulillahi. Naomba Mungu amzidishie."

Na kabla ya msimu wa vuli Mzee Singano akashuka Mazinde mwenyewe. Sijui waliongea nini huko chini. Najua tu kwamba yalikatwa majani, mlango ukafunguliwa, na moshi ukaanza kutoka tena kwenye nyumba ya kona kali.

Sasa kaeni kwenye lile benchi, ni lenu. Jana nilipita kituoni nikamkuta mwenzenu mmoja, msichana mwepesi wa kujifunza, amesimama dirishani ameshika mkoba tayari kutoka mbio. Mzee Singano alikuwa amesimama mlimani kwenye kona, kwa muda mrefu, fimbo kwa mikono miwili, na mlangoni mbele yake kuna bibi kizee anaongea, naye anasikiliza.

"Mama, njoo uone," akaniita. "Moyo umemrudia."

Nikamtazama mzee. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye fimbo, na alikuwa anacheka.

"Weka mkoba chini, mwanangu," nikamwambia. "Leo anasalimia."